Mzimu wa Marley na Mwanafunzi wa Kiingereza: Historia ya Neno Moja katika Shule za Thika na Ruiru

1. Utangulizi

Historia ya ufundishaji wa Kiingereza nchini Kenya husimuliwa kwa kawaida kwa kufuata tume, sera na mitaala. Makala haya yanachukua njia nyembamba zaidi. Yanalifuata neno moja la Kiingereza, "ghost", lilipoingia katika nchi ya Thika, Ruiru na vijiji vinavyopakana nayo, na yanachunguza ni maneno gani ya Kiafrika lililoyakuta huko na ni nini kilichotokea yalipokutana.

Hadithi tuliyoichagua iwe kipimo chetu ni A Christmas Carol ya Charles Dickens, iliyotolewa London mwezi wa Desemba 1843. Katika jina lake kamili Dickens mwenyewe aliitaja kuwa ni hadithi ya mzimu. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, Dickens ni miongoni mwa waandishi ambao kazi zao zilirahisishwa kwa ajili ya wanaoanza Kiingereza na kusomwa katika sehemu hizi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa 1938 Kamĩrĩĩthũ, Limuru, katika nchi ile ile ya Kiambu, ameeleza katika Decolonising the Mind (1986) kwamba alipokuwa shule ya msingi alisoma Dickens na Stevenson waliorahisishwa. Pili, hii ni hadithi ya mwajiri na karani wake, ya ujira na daftari la hesabu. Na Thika na Ruiru ni miji iliyozaliwa na ujira.

Dai letu ni kwamba hadithi hiyo ilimfikia mwanafunzi wa mwanzo ikiwa imepoteza vitu viwili. Kurahisishwa kwa maneno kuliuondolea mnyororo wa Marley pete zake, na tafsiri ya kimyakimya iliyofanyika kichwani mwa mwalimu na mwanafunzi ilimwondolea Marley ubinadamu wake. Vyote viwili vikishatoka, kinachobaki ni hofu isiyokuwa na funzo. La kwanza ni kazi ya watungaji wa vitabu. La pili ni letu sisi tunaoshughulika na lugha za Kiafrika.

2. Mashamba, vipande na kiu ya Kiingereza

Reli ya tawi kutoka Nairobi kupitia Ruiru ilifika Thika mwaka 1913. Ilifuata mashamba ya walowezi, na mashamba nayo yakaifuata: kahawa kwenye miinuko, mkonge kwenye tambarare iliyoelekea Ol Donyo Sabuk. Wafanyakazi walitoka pande mbili, Wakikuyu kutoka mabondeni upande wa magharibi na Wakamba kutoka Machakos. Thika ikawa mpaka wa lugha mbili kabla haijawa mji.

Mfanyakazi wa wakati huo alijulikana kwa maandishi kabla hajajua kusoma. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa 1915 na kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume alitakiwa kubeba kipande, ndani yake mkiwa na jina la mwajiri na mshahara wake, na wengi walikivaa shingoni kikiwa katika kijaluba cha bati. Palikuwa pia na tikiti ya siku thelathini, iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi, na mshahara ukangoja alama zitimie. Harry Thuku, aliyepinga kipande hadharani hadi akakamatwa Machi 1922, alikuwa mtoto wa misheni ya Kambui, si mbali na Ruiru.

Watu waliotawaliwa kwa karatasi walitaka kuijua lugha ya karatasi. Shule za misheni zilifundisha kwanza kwa Kikikuyu, na Kiingereza kilichelewa. Kuchelewa huko ni mojawapo ya malalamiko yaliyozipa nguvu shule huru za Wakikuyu katika miaka ya 1930 na chuo cha walimu cha Githunguri kilichofunguliwa 1939. Serikali ilipozifunga taasisi hizo 1952, wakati wa Hali ya Hatari, kiu haikufungwa pamoja nazo. Mwaka 1957 kituo maalumu cha Nairobi kilianza kujaribu kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na jaribio hilo likaenea hadi shule za Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tume ya Ominde (1964) ikaliunga mkono. Hivyo mwanafunzi wa mwanzo wa Kiingereza, ambaye zamani alikuwa kijana, akawa mtoto wa miaka sita au saba.

3. Orodha ya maneno na mnyororo uliopoteza pete

Vitabu alivyosomeshwa mwanafunzi wa mwanzo vilikuwa na ukoo wake, na ukoo huo haukuanzia Afrika. Michael West, mkaguzi wa shule huko Bengal, alitambua katika miaka ya 1920 kwamba mwanafunzi huchoka anapokutana na maneno mapya mengi katika ukurasa mmoja. Dawa yake ilikuwa kuyachagua maneno yanayotumika mara nyingi, kuyaingiza machache machache, na kuyarudia. Orodha yake maarufu ya maneno ya msingi ilichapishwa 1953, nayo ina maneno yapata 2,000. Kwa njia hiyo hadithi kubwa ziliandikwa upya kwa maneno yaliyohesabiwa.

Hatukusudii kuibeza njia hiyo. Iliwafungulia wengi mlango. Lakini orodha inayohesabu ni mara ngapi neno linatumika haiwezi kupima uzito wa neno hilo ndani ya hadithi fulani. Mzimu wa Marley, mwajiri mwenza wa Scrooge aliyekufa miaka saba kabla, huja ukiburuta mnyororo. Dickens anautaja mnyororo huo pete kwa pete: visanduku vya fedha, funguo, kufuli, madaftari ya hesabu, hati na vifuko vya pesa. Baadaye Marley anaeleza kwamba aliufua yeye mwenyewe alipokuwa hai, pete baada ya pete. Basi, "mnyororo" ni neno la kawaida. Lina nafasi katika orodha yoyote. Daftari la hesabu, hati ya mali na kufuli ni maneno adimu zaidi, nayo ndiyo yaliyo hatarini mfupishaji anapobanwa na hesabu. Yakitoka, mzimu hubaki na mnyororo wa chuma kama mzimu wowote wa hadithi za usiku, wala msomaji hajui tena kwa nini umefungwa.

Hasara hii ingekuwa ndogo mahali pengine. Katika Thika na Ruiru ilikuwa kubwa, kwa sababu wasomaji wale walikuwa na kila sababu ya kuuelewa mnyororo huo. Baba au babu wa mtoto alikuwa amevaa bati shingoni lililokuwa na hesabu ya mtu mwingine. Na hapa palikuwa na hadithi iliyotoka kwa Waingereza wenyewe, ambamo daftari linamning'inia mwajiri. Scrooge hunung'unika kumlipa karani wake ujira wa siku ya Krismasi pasipo kazi. Katika nchi ya kahawa, ambako msimu mkuu wa kuchuma huangukia Oktoba hadi Desemba na mchumaji hulipwa kwa debe, mtoto hahitaji maelezo marefu kuhusu siku isiyofanyiwa kazi na isiyolipwa. Theluji ya London ndiyo iliyomhitaji mwalimu. Mshahara wa Bob Cratchit, shilingi kumi na tano kwa wiki, ulijieleza wenyewe.

4. Maneno ya wafu

Tuligeukie sasa neno lenyewe. Mwanafunzi anapokutana na neno geni huliuliza: wewe ni nani kwetu? Neno "ghost" lilipouliziwa katika madarasa ya sehemu hizi, majibu hayakukosekana. Yalizidi.

Jibu la kwanza lilikuwa la kanisa. Katika Kiingereza cha sala cha wakati huo, Nafsi ya tatu ya Mungu iliitwa kwa neno hilo hilo. Shirika la mapadre lililoanzisha shule ya Kabaa mwaka 1925, ambayo baadaye ilihamia Mang'u na hatimaye karibu zaidi na mji wa Thika, lilikuwa la Roho Mtakatifu, na shule hiyo ilibeba jina hilo kwa Kiingereza. Kwa hiyo palikuwa na mwanafunzi aliyeliona neno "ghost" kwenye jina la shule yake kabla hajaliona katika Dickens. Katika Kikikuyu cha Kikristo jina hilo lilifasiriwa kwa kuazima neno la Kiswahili, ambalo Kiswahili nacho kililipata kwa Waarabu: Roho Mũtheru. Neno moja la Kiingereza likawa na nyuso mbili, moja ya kuabudiwa na moja ya kuogopwa, na tafsiri ikazitenga kabisa.

Jibu la pili lilikuwa ngoma. Msomaji Mswahili asidhani ni ngoma ya kupigwa, ambayo kwa Kikikuyu ni kĩhembe. Ngoma za Wakikuyu ni roho za waliofariki. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya (1938), anazigawa mafungu matatu: za wazazi, za ukoo na za rika. Anasisitiza pia kwamba uhusiano wa walio hai na ngoma si sawa na ibada ya Ngai. Wafu walimwagiwa pombe kama wazee wanavyoandaliwa nyumbani, na waliweza kuudhika kama wazee wanavyoudhika. Walirudi pia kwa majina, kwa maana mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba wa baba yake. Hata hivyo, katika lugha ya Ukristo uliokuja, ngoma zilisogezwa hatua kwa hatua upande wa Shetani, hata neno likawa tusi. Mzazi aliyefariki na pepo mchafu wakajikuta chini ya jina moja. Inafaa kukumbuka kwamba Ngũgĩ alipotaka kuwashtaki matajiri katika riwaya yake ya Kikikuyu ya 1980, jina alilolichagua lilikuwa Caitaani, neno lililotoka nje. Tafsiri yake ya Kiswahili, Shetani Msalabani, ilifuata 1982. Hakuwabebesha wafu wa Wakikuyu lawama hiyo.

Jibu la tatu lilikuwa irimũ, zimwi la ngano za Kikikuyu linalowala watu. Hapa historia ya lugha inatupa jambo la kustaajabisha. Wanaisimu wa Kibantu huyaweka maneno mzimu na zimwi ya Kiswahili, irimũ ya Kikikuyu, na iimu ya Kikamba, wingi wake aimu, chini ya shina moja la kale lenye maana ya roho ya mfu. Kiswahili kilizaa maneno mawili, moja la mfu na moja la dubwana. Kikikuyu kilibakiza dubwana na kumwita mfu kwa jina jingine. Kikamba kinatumia jina moja kwa wote wawili: aimu ni roho za waliotangulia, na katika ngano aimu ni madubwana. Basi katika darasa moja la Thika, mtoto wa Kikikuyu na mtoto wa Kikamba waliweza kufasiri "ghost" kwa maneno ya shina moja, mmoja akimwona babu na mwenzake akiona meno.

Jibu la nne lilikuwa la Kiswahili cha mjini, nalo lilikuwa lundo: mzimu, pepo, jini, shetani, kivuli. Mwalimu mwenye haraka alichukua lolote. Lakini Kiswahili cha pwani hakiyachanganyi. Mzimu ni wa mtu aliyeishi na kufa. Una jina, una jamaa, una mahali pake, na nchi yake ni kuzimu. Pepo humpanda mtu na kusema kwa kinywa chake. Jini ni kiumbe wa taifa lake, hakuwa mwanadamu kamwe. Shetani ni adui. Kivuli ni umbo linaloonekana, bila kuamua ni la nani. Kwa sababu hiyo watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya 1952 walilitumia katika sura ya 14 ya Mathayo, pale wanafunzi wanapomwona Yesu akitembea juu ya maji na kudhani si yeye.

5. Ameingia au umeingia?

Tofauti hizi si za msamiati tu; zimo ndani ya sarufi. Neno mzimu ni la ngeli ya M-MI, na kwa umbo lake twaweza kusema "mzimu umeingia". Lakini Kiswahili humruhusu msemaji kuupa upatanisho wa viumbe hai na kusema "mzimu ameingia". Kwa upatanisho huo msemaji ameamua kwamba mfu bado ni mtu. Kikikuyu hakitoi nafasi hiyo kwa urahisi: ngoma hufuata ngeli yake, ile ile ya ng'ombe na mbuzi, wala haipandi hadi kwenye upatanisho wa mũndũ. Kiingereza nacho kina namna yake ya kusitasita. Dickens anaposimulia juu ya Marley aliyekuja, mara hutumia kiwakilishi cha mtu, mara kiwakilishi cha kitu.

John Mbiti, mwanatheolojia kutoka Ukambani, ametupa ufunguo wa jambo hili katika African Religions and Philosophy (1969). Anaeleza kwamba mfu anayekumbukwa kwa jina bado ni mtu kamili kwa jamaa zake. Anapokufa wa mwisho aliyemjua, mfu huyo huzama katika Zamani na kugeuka kutoka "yeye" kuwa kitu. Mbiti anatumia maneno yetu mawili, Sasa na Zamani, kuzitaja nyakati hizo. Kwa kipimo hicho Marley ni nani? Amekufa miaka saba tu. Scrooge hakulifuta jina lake kwenye kibao cha mlangoni. Scrooge humwita Jacob, humkaribisha kiti, humjibu kama mwenzake. Marley amekuja kumwonya mwenzake aliye hai, kazi ambayo mzee wa ukoo aliyefariki angeifanya. Yumo katika Sasa. Basi Kiswahili sahihi cha tukio hilo ni kwamba mzimu wa Marley ameingia.

Wale watatu wanaomfuata wana habari nyingine. Dickens anawaita kwa neno lile lile alilomwitia Marley, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuwa mwanadamu akafa. Kiingereza kimewakusanya, Kiswahili hakina sababu ya kuwakusanya. Hao si mizimu. Dickens huwaita pia roho, na neno roho linawatosha: roho ya Krismasi iliyopita, ya iliyopo, na ya ijayo. Hapa Kiswahili kinaisoma hadithi kwa uangalifu zaidi kuliko jina lake la asili.

Inabaki kaburi, ambalo roho wa tatu anamwonyesha Scrooge likiwa na jina lake. Wakikuyu wa kale hawakumzika kila mtu. Kaburi lilikuwa heshima ya mzee mwenye mali na uzao, na wengine walipelekwa porini. Mazishi ya wote yalikuja pamoja na serikali na misheni. Kwa hiyo msomaji wa miaka ya 1940 aliyekuwa na bibi wa kumsimulia aliweza kuona jambo tusiloliona leo: kaburi lenye jina ni dalili ya heshima, na adhabu ya Scrooge si kwamba ana kaburi, ni kwamba hana wa kulitembelea.

6. Mambo ya kufanya darasani

Kutokana na historia hiyo tunatoa mapendekezo matatu.

La kwanza ni kwamba neno "ghost" lisiachwe lifasiriwe gizani. Mwalimu atenge dakika kumi kabla ya kufungua kitabu, aandike ubaoni mzimu, pepo, jini na zimwi, na darasa liseme kila mmoja hufanya nini. Kisha wasome na waulize: Marley ni yupi kati yao, na ni kwa ushahidi gani? Jibu haliwezi kupatikana bila kurudi kwenye Kiingereza cha kitabu na kutafuta jina, ujamaa na onyo. Hivyo ndivyo neno la nyumbani linavyomrudisha mwanafunzi kwenye lugha anayojifunza.

La pili ni kwamba pete za mnyororo zirudishwe. Hata kitabu kikiwa kimeziacha, mwalimu anaweza kuongeza maneno matano au sita, na kuwataka wanafunzi waseme mnyororo wa mwajiri wa leo ungekuwa na nini.

La tatu linahusu sisi. Mwalimu wa Kiingereza hawezi kulaumiwa kwa kuchukua neno la kwanza lililomjia, ikiwa idara za Kiswahili hazijampa mafungu yaliyopambanuliwa. Kamusi zetu zieleze upatanisho wa maneno ya wafu, si maana zake peke yake.

Twatarajia pingamizi mbili. Wapo watakaosema kwamba lugha ya nyumbani haina nafasi katika somo la Kiingereza. Msimamo huo una historia, nayo si ya kujivunia: Ngũgĩ ameeleza jinsi mtoto aliyekutwa akisema Kikikuyu shuleni alivyoadhibiwa. Sera yenyewe imekwisha geuka. Ripoti ya Gachathi (1976) ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini, na katika miji yenye watu mchanganyiko kama Thika na Ruiru lugha hiyo aghalabu ni Kiswahili, ambacho tangu mfumo wa 8-4-4 wa 1985 kilikuwa somo la lazima. Wengine watasema kwamba hadithi ya mizimu inarudisha ushirikina. Kwa hao tunajibu kwamba ushirikina hustawi pale ambapo wafu, majini na Shetani hawapambanuliwi. Darasa linalojua tofauti zao lina silaha ya kuupinga.

7. Hitimisho

Tumelifuata neno moja, na limetupitisha relini, kanisani, kwenye kipande na katika ngeli za nomino. Tumeona kwamba mwanafunzi wa mwanzo wa Thika na Ruiru hakuwa mgeni wa hadithi ya Dickens kwa jinsi ilivyodhaniwa. Alimjua mwajiri, aliijua hesabu ya siku, na katika lugha yake alikuwa na mfu anayerudi kuwaonya walio hai. Alichonyimwa ni daraja kati ya elimu hiyo na kitabu alichopewa. Hadithi hiyo ilipofundishwa kana kwamba mzimu ni shetani, funzo lake lilibaki katika Kiingereza na hofu yake ikahamia katika Kikikuyu, Kikamba na Kiswahili. Mgawanyo huo si wa haki kwa hadithi, wala si wa haki kwa lugha hizo. Kuurekebisha hakuhitaji tume mpya. Kunahitaji mwalimu anayejua lini aseme "umeingia" na lini aseme "ameingia", na wataalamu wa lugha waliomwandalia sababu za kuchagua.